Siku Moja Maishani Mwangu: Fundi wa Lenzi za Zamani, Ngamiani

Saa 1 asubuhi nafungua karakana. Kabla sijagusa kazi ya mteja yeyote, nafunua ndoo za plastiki ninamohifadhi lenzi na kumulika kila moja kwa tochi, mbele na nyuma. Tanga ni mji wa bahari, unyevu upo mwaka mzima. Lenzi ikisahaulika kabatini msimu wa masika, fangasi anaota katikati ya vioo na kutandaza nyuzi zake, na ukichelewa anakula hadi ile rangi nyembamba iliyopakwa juu ya kioo. Ndani ya kila ndoo naweka vile vifuko vya kukaushia vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Wauza viatu wa sokoni wananiwekea.

Watu wakisikia fundi kamera wanadhani nabadilisha betri na kufuta kadi. Kazi yangu kubwa siku hizi ni kuzifungisha lenzi za zamani za renjifainda, aina ya kamera za filamu, kwenye kamera ndogo za kidijitali zisizo na kioo cha kuakisi ndani, hizi ambazo vijana wanaziita mirolesi. Wapiga picha za harusi na video za muziki wanazitaka kwa sababu zinalainisha ngozi vizuri, taa zikiingia pembeni zinaleta mng'ao wake, na bei yake kijana anayeanza anaimudu.

Renjifainda haikuwa na kioo cha kuakisi. Mpiga picha aliangalia kwenye kidirisha, akalinganisha taswira mbili mpaka zikae moja. Kwa hiyo lenzi ilikaa karibu na filamu: zile za skrubu ya milimita 39, mtindo wa kamera za Leica za zamani ambao Wasovieti waliuchukua kwenye kamera zao za FED na Zorki, hukaa milimita 28.8 kutoka kwenye filamu. Kamera ya Sony yenye kifungio cha lenzi cha aina ya E inataka milimita 18. Toa, inabaki 10.8, na huo ndio unene wa adapta, kiunganishi cha lenzi na kamera. Ndani yake hamna kioo wala waya, ni pete tupu. Ndiyo maana hakuna anayetaka kuilipia, na ndiyo maana nimeamua kuandika haya.

Alhamisi iliyopita, kuanzia saa 2 hadi saa 4 nilisafisha lenzi mbili za Jupiter-8, nikatoa grisi iliyoganda kwenye uzi wa fokasi (unaozungushwa ili picha itoke safi) nikaweka mpya, nikanywa chai kwa mbaazi na maandazi. Asubuhi nzuri.

Saa 4 na robo akaja kijana na bodaboda, akamwambia dereva asizime.

"Fundi, hii adapta ni mbovu. Nitafutie nyingine haraka, kesho nina harusi Muheza."

Nikafunga lenzi kwenye kamera yake, nikazungusha fokasi kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukungu mtupu, karibu na mbali. Nikaifungua, nikaigeuza, nikatazama nyuma, jibu likawa pale. Lenzi ya renjifainda ya aina ile ina pete ya ndani inayoingia na kutoka unapozungusha fokasi. Pete hiyo ndiyo inayosukuma kijiti cha kamera ili zile taswira mbili zilingane. Yake haikuwa nayo. Ilikuwa Industar-50 ya Zenit, na Zenit ni kamera yenye kioo cha kuakisi. Skrubu ni ile ile ya milimita 39, inaingia bila kulalamika, lakini lenzi inataka kukaa milimita 45.2 kutoka kwenye sensa, kile kipande kinachopokea picha badala ya filamu. Kwa adapta yake ilikuwa imesogea ndani milimita 16.4 kupita inavyotakiwa. Hakuna fokasi ya kuokoa hapo.

"Adapta yako nzima, mdogo wangu. Lenzi ndiyo ya familia nyingine."

"Haiwezekani. Mwenzangu yupo Dar anayo hii hii, jina hili hili, na inapiga."

Na mwenzake hakudanganya. Industar-50 zilitengenezwa za aina mbili, za renjifainda na za Zenit, na zote zina jina moja mbele. Nikamwambia ampigie mwenzake ageuze lenzi, apige picha upande wa nyuma. Picha ikaja, pete inaonekana waziwazi. Nikaziweka pamoja, yake mkononi na ile ya kwenye simu. Akatazama, akanyamaza, kisha akaanza upya: si nilegeze tu skrubu? Si niweke karatasi katikati? Kwa nini isijivute fokasi yenyewe kama lenzi yake nyingine? Kila nikijibu simu yake inalia, anapokea, anamwambia mtu wa upande wa pili kwamba yuko kwa fundi ila fundi anazunguka zunguka. Hilo liliniuma. Nikamtajia bei ya kuirekebisha.

"Fundi! Pete tu hiyo!"

Akachukua vitu vyake akaenda kwa fundi wa kuchomelea. Baada ya muda akarudi na kipande cha bomba la plastiki, kakatiwa kwa msumeno wa chuma. Nikamwonyesha kwa kalipa, kifaa cha kupimia unene: upande mmoja na mwingine vinatofautiana zaidi ya nusu milimita. Lenzi ikikaa mshazari, bibi harusi upande wa kushoto atakuwa safi na bwana harusi upande wa kulia atakuwa na ukungu. Akamwambia bodaboda azime. Akakubali.

Kwenye droo nilikuwa na adapta ya lenzi za skrubu ya milimita 42, familia ya Zenit za baadaye na Pentax za zamani, na kipete chembamba cha kupunguza 42 ije 39. Tatizo likabaki moja. Adapta ile niliipima ikawa na milimita 27.46, na Industar ya kijana ilitaka 27.2 (45.2 toa 18 za kamera). Tofauti ni 0.26. Mtu atasema si kitu. Lenzi ya milimita 50 ikikaa mbele kwa 0.26 tu, umbali wa mwisho inaoweza kuuona safi ni kama mita 10. Meza kuu itatoka vizuri, lakini gari la maharusi likitokea mbali barabarani halitashika fokasi kabisa.

Kwa hiyo nikaanza kusaga. Umeme ulikuwa umekatika, feni imesimama, nikahamia mlangoni kwenye mwanga. Unafungua upande wa adapta unaofungwa kwenye kamera na kuuweka kando, vumbi la aluminiamu lisiingie kwenye meno yake. Unalaza karatasi ya msasa juu ya kioo cha meza, unalowesha, unashika pete kwa vidole vitatu na kuizungusha bila kuikandamiza. Unaigeuza robo, unaendelea. Unaosha, unafuta, unarudishia ule upande wa kamera, unapima sehemu nne. Upande mmoja 27.41, mwingine 27.43. Unarudi kuukandamiza kidogo ule uliobaki juu. Unapima. Mgongo unakaza, vidole vinakuwa vyeusi na ncha zake zinapoteza hisia, na huwezi kuharakisha kwa sababu ukipitiliza upande mmoja inabidi uteremshe pande zote tatu zilizobaki. Niliinuka kwenda kuswali adhuhuri, nikala wali na samaki wa kupaka nimesimama, nikarudi kwenye msasa.

Katikati yake akaingia mzee mmoja wa Chumbageni aliyesoma Urusi enzi za ujana wake, pamoja na mjukuu wake mwenye kamera mpya.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hii nimekaa nayo tangu Moscow, mjukuu anaitaka."

Jupiter-12, milimita 35, safi kama ilivyotoka dukani. Nilifurahi mpaka uchovu ukapungua. Lakini lenzi ile kioo chake cha nyuma kimetokeza sana, na kwenye baadhi ya kamera kinagusa ndani. Nikamwomba mjukuu asiifunge popote mpaka niipime na kamera yenyewe. Pia nilimweleza mapema: mwanga wa lenzi ya namna hiyo unaifikia sensa kwa mshazari mkali kwenye pembe, kwa hiyo pembe za picha zinaweza kupata rangi ya zambarau na kufifia. Filamu haikujali hilo. Mzee akaniachia kamera na lenzi vyote, bila kuuliza bei.

Pete ilifika 27.2 alasiri ikiwa imeshaingia, saa sikuitazama. Nikapanda baiskeli hadi ufukweni, kwa sababu lenzi haijapona mpaka ione mbali. Nilielekeza Kisiwa cha Toten, si bandari, bandarini hapapigwi picha ovyo. Nikakuza taswira kwenye skrini, nikazungusha fokasi hadi mwisho wake. Mikoko ya ukingoni ikatulia, matawi yakatengana moja moja, na pembe zote nne zilikuwa sawa.

Kijana alirudi magharibi inakaribia. Nikamwonyesha kwenye menyu pa kuruhusu kamera ipige hata isipotambua lenzi, na zile alama nyekundu zinazowaka kwenye kingo za kitu kilichoshika fokasi. Kamera yake ina sensa ndogo, kwa hiyo 50 inaona kama 75: arudi hatua nyuma. Akajaribu kwa muuza kahawa wa ng'ambo ya barabara. Akatazama skrini kwa muda mrefu, akalipa nusu, nusu ataleta Jumamosi akitoka Muheza. Jina lake nimeliandika kwenye daftari.

Nilifunga saa 1 na nusu usiku, vidole bado vikinuka msasa. Ukiwa na lenzi ya namna hii kabatini kwenu, usinitumie picha ya upande wa mbele na kuniuliza bei ya adapta. Njoo nayo pamoja na kamera, au walau nipigie picha upande wa nyuma, fokasi ikiwa imezungushwa hadi mwisho.