Hiyo kasida gani?

Jamani ngoja niwape kisa cha huku Le Havre, Ufaransa. Mi nahudumia wazee, zamu ya usiku, na kuna bibi mmoja ana miaka tisini na ushee, jina langu halimkai kichwani, ukimvalisha soksi anakuuliza we mtoto wa nani, ila kila nikimfunika blanketi anaanza kuimba, sauti imekwaruza lakini neno hakosei hata moja, na mkono wake unasukuma ukingo wa kitanda taratibu kama anabembeleza mtoto. Nikajua wimbo wa kanisani huo. Kumuuliza binti yake akacheka, kumbe shairi la Sully Prudhomme, Les Berceaux, yaani masusu, vile vitanda vya kubembezea watoto, muziki katia Gabriel Fauré mwaka 1879.

Nikalitafuta YouTube ndani ya basi. Beti tatu tu. Meli kubwa ziko gatini zinayumba kimya kimya, hazina habari na masusu yanayobembezwa na mikono ya wanawake. Halafu inafika siku ya kuagana, wanawake lazima walie, wanaume lazima wakajaribu hayo ya mbali yanayodanganya, na meli zikiiacha bandari inazidi kuwa ndogo zinahisi kitu kinazivuta nyuma, roho ya yale masusu. Na piano toka mwanzo mpaka mwisho inayumba hivyohivyo kama mashua iliyofungwa. Nikapitiliza kituo.

Mi mwanangu yuko Tanga kwa mama, nimemwacha hajaota hata jino. Sasa huyo mshairi alituweka wanawake wote nchi kavu, angeniona mimi na begi langu eapoti sijui angeandikaje.

Huyu Sully Prudhomme ndo mtu wa kwanza kabisa kupewa Nobel ya fasihi, 1901, miaka 120 kabla ya Gurnah wetu. Na watu walinuna, kwa nini sio Tolstoy, yule mwandishi wa Urusi, mpaka waandishi wa Sweden wenyewe wakamwandikia Tolstoy barua. Sully Prudhomme mwenyewe aliwahi kufanya kazi kwenye kiwanda cha chuma kule Le Creusot, akaingia Akademi ya Ufaransa 1881, na hela ya Nobel akaanzishia tuzo ya washairi. Leo nikiwauliza wenzangu kazini, mmoja kanijibu si jina la mtaa hilo? Sikushangaa sana, sisi kwetu shairi linatungwa likiwa na sauti yake kabisa, hilo la kusomwa kimya kimya ndo geni, kwa hiyo kilichombakia bibi kichwani ni kile kilichotiwa sauti.

Jana nimepiga video nyumbani, mtoto kalala, mama kaniwekea simu karibu na chandarua. Nikaanza kuimba polepole na Kifaransa changu cha kuokoteza. Mama kasikiliza wee, mwisho akaniuliza, mwanangu, hiyo kasida gani mbona siijui?