Boro Din, Krismasi ya Wabengali

Kolkata, Desemba 27

Watu wa nyumbani Mombasa wananiuliza kama Krismasi imenipita huku kwenye nchi ya Wahindu. Haijanipita. Wabengali wanaiita Boro Din, na ikifika, mji mzima unatoka nje. Park Street imejaa taa, watu wanatembea wamebanana, watoto wamebebwa mabegani na kofia zao nyekundu, na wengi katika umati ule hawajabatizwa wala hawana nia hiyo. New Market kuna foleni ndefu ya keki kwenye bekari ya Nahoum, iliyoanzishwa mwaka 1902 na Myahudi mwenye asili ya Baghdad. Wanaopanga foleni wengi ni Wahindu, na mafundi wanaooka wengi ni Waislamu. Nimeipenda foleni ile kuliko taa zote.

Ila siku ya sikukuu yenyewe niliondoka mjini, nikapanda treni mapema kwenda Bolpur ili nifike Santiniketan. Huko kuna ukumbi wa sala wenye kuta za vioo vya rangi, uliojengwa mwaka 1891 na Debendranath Tagore. Ndani hamna sanamu wala picha. Mwanawe, mshairi Rabindranath, ndiye aliyeanzisha humo ibada ya Krismasi mwaka 1910, na mpaka leo kila Desemba 25 mishumaa inawashwa, Biblia inasomwa na nyimbo zinaimbwa, nyingi zikiwa ni zake mwenyewe, kwa Kibengali. Tulikaa chini nje na shali zetu, kwa sababu ukumbi hauwatoshi watu. Mimi Mkatoliki niliyezaliwa ndani ya kanisa nilimsikia Yesu akiimbiwa na watu wasio wa kanisa lolote, kwa unyenyekevu mtupu, na machozi yalinitoka.

Rabindranath Tagore hakuwa mtu wa kumsifu Kristo kwa maneno matamu tu. Mwaka 1939, Ulaya ikiwa imeshaingia vitani, aliandika wimbo wa Krismasi unaosema kwamba wale waliompiga zamani wamezaliwa tena katika zama hizi, wanajaa kwenye nyumba za sala wakiwa wamevaa uchaji, huku wakiwaamuru askari wao waue. Ukiusikia leo unahisi umeandikwa asubuhi hii.

Watawa wa Kihindu wa Belur Math nao wana mkesha wao. Picha ya Maria na Mtoto inapambwa kwa maua, inawekewa keki na matunda, na Injili inasomwa. Wanaukumbuka usiku wa Desemba 24, 1886, pale mwalimu wao Vivekananda na wenzake walipoketi kando ya moto katika kijiji cha Antpur wakaapa kuiacha dunia, na baadaye tu wakatambua kuwa ulikuwa mkesha wa Krismasi.

Sasa nije kwa Wabengali Wakristo wenyewe, maana ndio wanaosahaulika picha za Park Street zinapozunguka mitandaoni. Ni wachache: hawafiki asilimia moja ya watu, si hapa West Bengal, si Bangladesh. Mwenzangu darasani ametoka kwao, Gazipur, Bangladesh, karibu na parokia ya zamani ya Nagari. Kwao Krismasi inaanza na kirtan. Usiku wa baridi watu wanapita nyumba kwa nyumba na ngoma ya udongo yenye nyuso mbili iitwayo khol, matoazi na kinanda cha mkono, wakiimba kuzaliwa kwa Yesu kwa mahadhi yaleyale ambayo Wahindu wanamwimbia Krishna. Uani kunachorwa maua kwa unga wa mchele uliokorogwa na maji.

Na kuna pitha! Vyakula vya unga wa mchele na nazi, vingine vya kuchoma, vingine vya mvuke, ndani sukari guru ya mtende. Hiyo sukari inapatikana msimu huu wa baridi tu: mgema anapanda jioni, anauchanja mti na kutundika chungu, alfajiri anateremsha utomvu na kuuchemsha, kama wagema wa minazi kwetu wafanyavyo na tembo, tofauti ni moto. Jirani Mwislamu na jirani Mhindu wote wanakaribishwa kula.

Kinachonikaa moyoni ni hiki. Waagustino, watawa Wakatoliki kutoka Goa, koloni la Wareno huku India, walifika Mombasa mwaka 1597, na Hooghly, hapa Bengali, mwaka 1599. Mwaka 1631 Yusuf bin Hasan, sultani wa Mombasa aliyelelewa na Waagustino hao hao, aliwaasi Wareno na kuwaua pale Ngomeni. Mwaka uliofuata jeshi la Shah Jahan, mfalme wa Wamughal wa India, liliiteka Hooghly kutoka kwa Wareno. Kwetu, Wareno walipoondoka Ukristo wao uliondoka nao. Hapa kanisa la Bandel, huko huko Hooghly, lilijengwa upya mwaka 1660, na waumini wapo mpaka sasa. Sababu ni nyingi, najua, lakini mojawapo naamini ni kwamba hapa imani iliingia kwenye lugha na ngoma za wenyeji. Padri Manuel da Assumpção, aliyehudumu Nagari, alitunga msamiati na sarufi ya Kibengali iliyochapwa Lisbon mwaka 1743. Mtu akishakuwa na wimbo wake kwa lugha ya mama yake, hahitaji meli ya mgeni ili aendelee kuuimba.

Jana nilimwandikia mwalimu wa kwaya wa parokia yetu Mombasa, nikamtumia video ya kirtan aliyonipa mwenzangu. Nimemwomba Majilio yajayo tuache spika nyumbani, tutoke na kayamba na ngoma, tupite mlango kwa mlango mtaani, na kwa majirani Waislamu tubishe hodi pia, tukiwa na sahani ya vitumbua mkononi.