Bibi alikinusa kidonda

Juzi mwanangu kajikata kidole na kopo la maziwa. Kabla hatujafika bombani, kidole kilishaingia mdomoni. Nikamwosha kwa sabuni, nikamfunga plasta. Wakati wa kulala akaniuliza, "Baba, nani anakiziba huku ndani?"

Nikarudi Magomeni, mwishoni mwa 1997, mvua za El Nino. Jangwani maji yamejaa, mimi na ukaidi wangu nikakatiza humohumo, nikakanyaga bati. Zahanati wakanisafisha, wakanichoma sindano ya pepopunda, tukarudi nyumbani. Ninachokikumbuka vizuri ni usiku wa nne.

Umeme ulikuwa umekatika. Bibi aliweka kibatari juu ya stuli, akaupakata mguu wangu kwenye kanga yake. Bandeji ilikuwa imegandia kidonda. Akaidondoshea maji ya chumvi ya uvuguvugu, tone kwa tone, mpaka ikaachia yenyewe. Mdomo wa kidonda ulikuwa mwekundu, na juu yake majimaji mepesi, maangavu, yaking'aa kwenye mwanga. Nilidhani usaha, nikapeleka mkono niyafute. Akanishika. Akainama mpaka pua yake ikakaribia unyayo, akavuta pumzi mara mbili.

"Hakinuki. Yaache hayo maji, mume wangu. Ndiyo yanayokutibu."

Nje vyura walikuwa wanalia bondeni kote.

Nilikuwa mtu mzima niliposoma kwamba vyura nao wana sehemu yao katika habari hii. Kule Marekani, daktari Michael Zasloff alikuwa akiwapasua vyura wa maabara, anawashona, anawarudisha kwenye maji machafu, na vidonda vyao vinapona bila kuoza. Kwenye ngozi yao akakuta peptidi, yaani vipande vifupi vya protini, zinazoua vijidudu. Mwaka 1987 akazitangaza kwa jina la magainini, kutokana na neno la Kiebrania lenye maana ya ngao. Sisi nasi tunazo zetu. Mojawapo, LL-37, ina asidi amino (viungo vinavyojenga protini) 37 tu, na ngozi huizalisha kwa wingi inapochanika. Ina chaji chanya, utando wa bakteria una chaji hasi, basi inamnasa, inamtoboa, anavuja mpaka anakufa. Kisha inaita chembe nyeupe za damu na kuhimiza seli za ngozi zisogee kuziba pengo. Peptidi za namna hii zimo kwenye majimaji ya kidonda, yaleyale niliyotaka kuyafuta. Bibi hakujua jina la peptidi hizo, alikuwa na pua na macho.

Mguu wangu ulifunga baada ya wiki tatu.

Wake haukufunga. Kisukari kilimtoboa chini ya kidole gumba, na kliniki tulikwenda mpaka tukajua kila benchi. Watafiti waliochunguza kingo za vidonda sugu vya miguu wamekuta LL-37 ni haba mno au haipo kabisa. Sikulijua hilo wakati ule, na sioni kama lingenisaidia. Jioni moja niliupakata mguu wake, nikaidondoshea bandeji maji tone kwa tone, nikainama nikakinusa kama alivyonifunza.

Kilinuka.

"Hakinuki, bibi," nikamwambia.

Hakunijibu. Alinishika mkono, palepale aliponishika usiku ule.