Nilivyoweza kuzisoma namba za Ichiro Suzuki

Jedwali la takwimu za besiboli humchanganya mtu aliyezoea soka, na aliyekulia kwenye kriketi hupotea zaidi, maana kule wastani wa 50 ni wa bingwa na huku bingwa ana 0.372. Nilifaulu nilipoliacha jedwali zima nikashika mstari mmoja tu: Ichiro, Mjapani aliyechezea timu ya Marekani ya Seattle Mariners, mwaka 2004.

Nilianza na zamu. Mwaka ule alisimama kupiga mara 762, lakini wastani haupigwi kwa 762. Toa mara 49 alizopewa beisi ya kwanza (kituo cha kwanza kati ya vinne ambavyo mpigaji huvizunguka) bure kwa kurushiwa mipira minne mibovu, mara 4 alizogongwa na mpira, na mara 5 alizojitoa mhanga ili mwenzake asonge mbele au afunge. Zinabaki zamu rasmi 704. Gawanya hiti 262, yaani mipigo iliyomfikisha salama kwenye beisi, kwa 704, ndiyo hiyo 0.372. Anayesahau kutoa hizo 58 anapata 0.344, kisha analilaumu jedwali.

Halafu nikazipasua hiti zenyewe. Hiti 225 zilimfikisha beisi ya kwanza tu, 24 ya pili, 5 ya tatu, na 8 zilikuwa homurani, yaani mipigo ya kuzunguka beisi zote kwa mara moja. Hapo ndipo mtu mwenyewe anapoonekana. Hakutegemea kuutupa mpira jukwaani. Alipiga kwa upande wa kushoto, ambako beisi ya kwanza iko karibu hatua moja au mbili zaidi, na gongo likigusa mpira mwili ulikuwa umeshaanza kukimbia. Mpira wa kuviringika polepole, ambao kwa mpigaji mzito ni kutolewa tu, yeye alikuwa amekwisha kufika.

Rekodi ya hiti za msimu mmoja aliyoivunja mwaka ule, hiti 257 za George Sisler, ilikuwepo tangu 1920, enzi za msimu wa mechi 154. Siku hizi ni 162. Sisler alitumia zamu rasmi 631, kwa hiyo wastani wake ni 0.407. Wingi ni wa Ichiro, kiwango ni cha Sisler. Ukiyachanganya hayo mawili, ubishi hauishi.

Jumla ya maisha yake inataka safu mbili: hiti 1,278 Japani akiwa na timu ya Orix, 1992 hadi 2000, na 3,089 Marekani, 2001 hadi 2019. Ukijumlisha unapata 4,367, zaidi ya 4,256 za Pete Rose, mwenye rekodi ya Marekani, ila ligi ni mbili na vitabu vya Marekani havihesabu za Japani. Mimi siziunganishi.

Kuna jambo moja ambalo jedwali halilisemi. Tarehe 11 Aprili 2001, mjini Oakland, aliuokota mpira upande wa kulia wa uwanja, akaurusha moja kwa moja hadi beisi ya tatu, na mkimbiaji wa Oakland, Terrence Long, akatolewa akiwa bado anateleza. Katika safu ya usaidizi wa ulinzi, inayohesabu mirusho iliyosaidia kumtoa mpinzani, mrusho ule umeandikwa 1, sawa na mwingine wowote.