Nilivyopatanisha mtandao wa ndani na modemu kwenye kompyuta moja

Kila modemu ilipomaliza mlio wake na kushika laini, folda ya hesabu ilitoweka. Modemu ikikatwa, folda inarudi. Tatizo hilo lilinikalia kichwani karibu wiki mbili, kwenye kompyuta moja ya Windows XP ambayo ofisi nzima ilikuwa ikiitegemea kutuma barua pepe.

Mpangilio wenyewe haukuwa mgumu. Kompyuta ilikuwa na kadi ya mtandao iliyoungwa kwa kebo kwenye swichi ya chumbani (kisanduku kinachounganisha kebo za mtandao), na pembeni ikawa na modemu ya simu ya kilobiti 56. Upande wa kebo kulikuwa na printa, humo humo chumbani, na seva ya faili, yenye ile folda ya hesabu, iliyokaa jengo la pili, nyuma ya ruta, kifaa kinachopitisha data kati ya mtandao mmoja na mwingine. Intaneti haikupita kwenye kebo hata kidogo; ilikuja kwa laini ya simu tu. Kwa hiyo mwenzangu wa uhasibu akitaka kutuma faili iliyoko kwenye seva, ilimbidi ainakili kwanza, aunganishe modemu, atume, akate, ndipo arudi kwenye kazi yake. "Kaka, nikiingia intaneti seva inanikimbia," aliniambia, na sikuwa na jibu.

Wiki ya kwanza niliimaliza kwa kubahatisha. Nilibadilisha kebo. Nilifuta draiva ya kadi, yaani programu inayoiendesha, nikaiweka upya. Hakuna kilichobadilika, wala hakingebadilika, maana vifaa vyote vilikuwa vizima. Na dalili muhimu kuliko zote ilikuwepo tangu siku ya kwanza: modemu ikiwa imeunganishwa, printa iliendelea kuchapa. Kama kadi ya mtandao ingekuwa inazimika, printa nayo ingenyamaza. Kilichopotea ni kile tu kilichokuwa ng'ambo ya ruta.

Nilipoliona hilo nilifungua dirisha la amri nikaandika route print, amri inayoonyesha jedwali la njia za kompyuta, mara ya kwanza modemu ikiwa imekatwa, mara ya pili ikiwa hewani. Nikayachapa majedwali yote mawili na kuyalaza mezani sambamba. Ninamsihi yeyote mwenye shida ya aina hii aanzie hapo, kabla hajagusa kebo wala kufuta draiva.

Jedwali hilo ndilo kompyuta inalosoma kila inapotaka kutuma kitu. Kila mstari unasema: ukitaka kwenda kwenye kundi hili la anwani, pitia mlango huu. Mstari wa 0.0.0.0 ni wa yasiyojulikana, yaani anwani yoyote isiyo na mstari wake mahususi hupelekwa huko. Modemu ikiwa imekatwa, mstari huo ulielekea 192.168.10.1, ambayo ni ruta yetu, na gharama yake (namba ya kupimia njia, si pesa) ilikuwa 20. Modemu ikiunganishwa, ilitokea mistari miwili ya 0.0.0.0. Mmoja ulipita kwenye modemu kwa gharama ya 1, na ule wetu wa zamani ulikuwa umesukumwa hadi 21. Kompyuta huchagua njia yenye gharama ndogo, kwa hiyo ruta yetu ilikuwa imewekwa kando.

Sasa kila kitu kilieleweka. Seva ilikuwa 192.168.20.5. Kompyuta yetu, iliyokuwa kwenye kundi la 192.168.10, haikuwa na mstari wowote unaoitaja 192.168.20, hivyo ombi la kufungua folda ya hesabu lilikwenda kwa modemu, likasafiri kwenye laini ya simu hadi kwa mtoa huduma, likafia huko. Anwani zinazoanza na 192.168 zimetengwa kwa mitandao ya ndani tangu miaka ya 1990, pamoja na zile za 10 na za 172.16 hadi 172.31, hazina njia kwenye intaneti ya umma. Printa ilisalimika kwa sababu kundi la 192.168.10 lina mstari wake wenyewe, na mstari mahususi hushinda ule wa jumla, gharama iwe yoyote.

Dawa ya kwanza niliyoijaribu ni ile inayomjia kila mtu. Kwenye mipangilio ya TCP/IP (kanuni za mawasiliano ya mtandao) ya modemu kuna kisanduku kinachoiambia kompyuta itumie lango la mtandao wa mbali, yaani yasiyojulikana yote yapitie kwenye modemu. Nikakiondolea tiki. Seva ikarudi papo hapo, nami nikafurahi, kisha kivinjari kikakataa kufungua chochote. Nilikuwa nimeligeuza tatizo upande wa pili: sasa yote yasiyojulikana yalikwenda kwenye ruta yetu, ambayo haikuwa na intaneti ya kuyafikisha.

Dawa ya kweli ilikuwa kuacha kuwa na njia mbili za jumla. Intaneti ina anwani nyingi mno za kuziandikia mstari mmoja mmoja, lakini mtandao wetu wa ndani ulikuwa na makundi mawili tu. Basi anayestahili njia ya jumla ni modemu, na mtandao wa ndani uandikiwe njia yake mahususi. Nilirudisha tiki kwenye kile kisanduku. Kwenye kadi ya mtandao nikaacha nafasi ya lango tupu kabisa. Kisha nikaandika amri ya kupeleka anwani zote za 192.168.20 kwenye ruta yetu:

route -p add 192.168.20.0 mask 255.255.255.0 192.168.10.1

Ile -p ni ya lazima. Bila hiyo mstari hufutika kompyuta ikizimwa, na asubuhi mtu atakuja kukuambia kwamba ugonjwa umerudi.

Nilijaribu ping, amri inayouliza kama anwani inaitika, kwenda 192.168.20.5 huku modemu ikiwa hewani. Majibu manne yakaja. Nikafungua tovuti, ikafunguka. Nikamwita mwenzangu, akabofya folda ya hesabu, ikakataa.

Hapa nilikaribia kuvuruga yote niliyoyafanya, na nashukuru kwamba kwanza nililinganisha namba na jina. Kwa namba seva iliitika. Kwa jina haikuitika. Kwa hiyo njia ilikuwa nzuri, kasoro ilikuwa kwenye majina. Modemu inapounganishwa huja na seva za DNS za mtoa huduma, zinazogeuza majina kuwa namba, na hizo hazina habari za jina tulilolipa seva yetu. Tena Windows huyaweka akilini hata majibu ya "hakuna", kwa hiyo unaweza kurekebisha mambo na bado ukaona kosa lile lile kwa dakika kadhaa. Seva ilikuwa moja tu, basi sikuhangaika na suluhisho kubwa. Nilifungua faili ya hosts, orodha ya majina na anwani ambayo kompyuta huisoma yenyewe, iliyoko ndani ya C:\Windows\System32\drivers\etc, nikaandika anwani na jina la seva, nikaandika ipconfig /flushdns ili kufuta majibu ya zamani, na folda ikafunguka. Penye seva nyingi njia hii huchosha, maana anwani ikibadilika lazima uikumbuke kila kompyuta uliyoigusa.

Kulikuwa pia na kero ya kivinjari kupiga simu chenyewe hata ukifungua ukurasa wa ndani, nayo iliisha kwa dakika moja. Kwenye mipangilio ya miunganisho nilichagua kisipige kamwe, na mtu akitaka intaneti anaunganisha kwa mkono.

Kulikuwa na jambo moja lililonisumbua kuliko folda. Kompyuta hii ilikuwa inagawa faili na printa, na sasa ilisimama na mguu mmoja ndani na mwingine nje. Nilipotazama mipangilio ya modemu nikakuta huduma ya kugawa faili na printa imetiwa tiki huko pia, kana kwamba kila aliye kwenye intaneti ni mwenzetu wa ofisini. Niliiondoa upande wa modemu tu, na ukuta wa moto, kinga inayozuia maombi yasiyoitwa kutoka nje, nikauwasha upande huo huo. Kirusi cha Blaster cha Agosti 2003 kiliingia kwenye kompyuta kwa mlango 135 (namba ya huduma ya mtandao, yaani port) bila mwenyewe kufungua faili yoyote, na kompyuta iliyoungwa pande zote mbili ingekipokea kwa simu na kukieneza kwa kebo. Ukiuwasha ukuta huo kwenye kadi ya mtandao pia, bila kuruhusu ugawaji wa faili, wenzako hawataiona kompyuta yako. Hilo nililifanya na nikalirekebisha saa hiyo hiyo.

Baadaye niliombwa niiwezeshe kompyuta hiyo kuwagawia wengine intaneti. Nilipowasha huduma ya kugawana ya Windows XP, ilibadilisha anwani ya kadi ya mtandao kuwa 192.168.0.1 bila kujali tulichokuwa tumepanga. Printa ikapotea, na safari hii seva nayo, kwa sababu kompyuta ilikuwa imehamishwa kwenye kundi lingine kabisa. Niliizima huduma hiyo nikarudisha anwani ya awali.

Ule mstari wa kudumu nao unahitaji uangalizi. Tulipobadilisha ruta na mpya ikapewa 192.168.10.254, seva ilipotea tena, modemu iwe hewani au isiwe. Safari hii nilianza na route print, nikauona mstari bado unaelekea 192.168.10.1, anwani isiyokuwa na mtu. Nikaandika route delete 192.168.20.0, nikauongeza upya kwa anwani mpya, na mwenzangu hakulazimika hata kukata simu aliyokuwa akitumia kutuma barua.