Boksi la kilo 30 na mgongo wangu

Wiki ya tatu sasa, na leo ndiyo nimeinama kufunga kamba za viatu bila kushika ukuta.

Nilikuwa nashusha vipuri vya pikipiki kwenye kirikuu, Kariakoo. Boksi kama kilo 30. Lilikuwa na grisi chini, nikalibeba mikono imenyooka mbele ili shati lisichafuke. Hatua ya nne, gia zikateleza ndani, zote kona ya kushoto. Boksi likapinda. Badala ya kuliachia lianguke, nikazungusha kiuno kulidaka. Nikasikia kitu kimevuta juu ya nyonga, pumzi ikakata.

Mzee mmoja mchukuzi akaniketisha, akaniambia, "Mwanangu, mzigo unakumbatiwa." Akanionyesha: mkono mmoja chini ya kona, mwingine juu ya kona ya mkabala, boksi limegusa tumbo, miguu ndiyo igeuke, kiuno kisigeuke. Na kabla ya kunyanyua, litikise kidogo usikie kama vitu vinahama.

Hesabu ya kubeba mzigo mbali na mwili inatisha kweli. Misuli ya mgongo iko sentimita 5 hivi tu kutoka kwenye uti, lakini boksi nililishika sentimita 50 mbele. Ni kama wenzo, 50 gawanya kwa 5, kwa hiyo misuli inavuta karibu mara 10 ya uzito wa mzigo. Ukilisogeza hadi sentimita 25, unapunguza mvuto huo nusu.

Vijana wa mizigo, nawaombeni, shati linafuliwa. Na ukisikia boksi limekuponyoka, ondoa miguu, liache lianguke. Gia zile hazikupata hata mkwaruzo.