Kupima sakafu ya bahari mbele ya Lamu: tatizo liko kwenye kingo

Nilipewa ushauri ambao mpaka leo unanikera: kusanya tu data, makosa utayasafisha kwenye kompyuta. Kompyuta huondoa kelele. Haiwezi kubuni joto la maji ambalo hukulipima sauti ilipokuwa inapita.

Ekosaunda ya miale mingi, chombo cha melini kinachotuma sauti chini kwa miale iliyotandazwa pande zote mbili na kusikiliza mwangwi, ile ya kilohezi 12 inayofika kina kirefu, hupima muda na pembe tu. Kwenye mita 3,000 mwangwi wa chini ya mkuku, yaani uti wa chini wa meli, hurudi baada ya sekunde 4. Wa mwale ulioinama nyuzi 60 kutoka wima huchukua 8. Muda unageuzwa mita kwa kasi ya sauti, karibu mita 1,500 kwa sekunde, na kasi hiyo hubadilika kwa joto, chumvi na mgandamizo.

Tukaambiwa pia kipimo kimoja cha joto kwa siku kinatosha. Tukakijaribu msimu wa kaskazi, tukipanda kutoka Malindi kwenda Lamu. Msimu huo mkondo wa Somalia hushuka kusini ukakutana na ule wa Afrika Mashariki unaopanda, kwa hiyo maji ya asubuhi si ya jioni. Ramani ikajikunja kingo zote mbili kama mkeka, sakafu tambarare ikaonekana bonde refu. Tulipogeuza meli, bonde nalo likageuka. Bonde la kweli halifuati meli!

Sababu yake ni hii. Ukiipa mashine kasi kubwa kuliko ya kweli, katikati husomeka kina zaidi na kingo hupanda. Ukiipa ndogo, kingo huinama. Miale ya nyuzi 45 karibu haiguswi. Basi kwenye sakafu tambarare mimi hulinganisha katikati na nyuzi 45, kisha nyuzi 45 na ukingo. Zikipishana kwa pande zote mbili sawasawa, ni maji. Upande mmoja ukipanda na mwingine ukashuka, tafuta kosa la mrama, yaani la kupima meli inavyolala ubavu huu na huu: kosa la nyuzi 0.1 tu, kwenye kina cha mita 3,000, huhamisha ukingo wa nyuzi 60 mita 9 juu au chini.

Dawa ya maji ni kipimajoto cha kutupa chenye waya mwembamba wa shaba, kinachofika mita 760 hivi meli ikiendelea na safari. Hakirudi, lakini bei yake ni kitu kidogo mbele ya mafuta ya siku moja. Kitupe upande wa demani, ule usiopigwa na upepo, waya usiguse chuma cha meli. Rudia kila saa chache, na papo hapo joto la maji ya juu likiruka. Kwa maji ya chini zaidi, shusha mwanzoni kifaa cha kupimia maji kwa kamba ya winchi. Mita 3,000 ni kama saa 2 kwenda na kurudi.

Kusi lina shida nyingine. Mistari ya kupimia, yaani njia ambazo meli hupita ikienda na kurudi, hufuata pwani, kwa hiyo kwenda Lamu mawimbi yako nyuma na data ni safi. Ukirudi Malindi omo, yaani sehemu ya mbele ya meli, inapiga maji, mapovu yanapita chini ya mkuku na miale inapotea. Punguza mwendo hadi noti (maili za baharini kwa saa) 5 au 4, na ubane pembe kutoka nyuzi 60 hadi 45 kila upande. Upana utashuka kutoka kilomita 10 hivi hadi 6, kwa hiyo sogeza mistari karibu kabla hujaanza kurudi. Mwisho kata mistari yote kwa mmoja wa kukingama, ulinganishe vina kila inapokutana, na ufanye hivyo kabla meli haijaondoka eneo hilo.